Ile njia ya mita 400 pale Namboole

Wengi mmeniomba niandike yale niliyosema Jumamosi kwenye kikao cha wazazi na makocha, maana mvua ilianza kupiga mabati na waliokaa nyuma hawakusikia kitu. Basi nimeandika kama nilivyoongea, nimeongeza kidogo tu pale nilipokatizwa.

Mzee mwenyekiti wetu wa LC, baraza letu la mtaa, wazee wangu, akina mama, walimu, maafande mliokuja na familia zenu, vijana, na nyinyi watoto mliokaa hapo mbele na viatu mikononi, hamjambo.

Nimeombwa niongee Kiswahili na nimefurahi sana. Mimi nimezaliwa kambini, baba yangu alikuwa askari kutoka West Nile, na Kiswahili ndiyo lugha tuliyogombania mpira tukiwa wadogo, mtoto wa Mwacholi, wa Mteso, wa Mlugbara, wote tunapigiana kelele "leta hapa, leta hapa". Na hapa Bweyogerere, nje kidogo ya Kampala, ni vilevile, tumechanganyika, kuna Waganda wenye ardhi yao, kuna watu wa kaskazini, kuna Wakongo, kuna Wakenya wanaofanya kazi huko viwandani Namanve, kwa hiyo tukitumia hii hakuna anayebaki nje.

Nimekuja kuongea juu ya Namboole, uwanja wetu wa taifa. Najua mkisikia Namboole mnafikiria mpira, timu ya taifa Cranes, tiketi, jamu mpaka Banda. Leo mpira nitaugusa tu, siwezi kuukwepa, lakini kilichonileta ni ile njia inayouzunguka uwanja, ile ya kukimbilia, ambayo watu 45,000 wanaikalia mbele kila mechi na hakuna anayeiangalia. Mimi ni kocha wa riadha. Hiyo njia naiangalia kila siku nikipita kwenye barabara ya bypass, na naomba leo tuiangalie pamoja.

Sasa nianze na kuzaliwa kwake. Jina la kwenye karatasi ni Mandela National Stadium, lakini nani hapa anaita hivyo, kondakta wa takisi anaita Namboole, wa boda anaita Namboole, kwa sababu kilima kilikuwa na jina lake kabla saruji haijafika. Pesa zilitoka China, msaada wa dola milioni 36, na uwanja ukafunguliwa Januari 1997. Jina la Mandela halikuokotwa njiani. Wapiganaji wa ANC, chama cha Mandela, walipolazimika kuondoka Angola mwaka 1989, Uganda ni moja ya nchi zilizowapokea, wakakaa kule Kaweweta, Nakaseke, na wengine mpaka leo wamezikwa kwenye ardhi yetu. Kwa hiyo mkiona lile jina pale getini mjue ni jina la watu waliokula posho, yaani ugali, na maharagwe na sisi.

Na aliyefungua shughuli za uwanja hakuwa mchezaji, alikuwa mwanamuziki, Lucky Dube kutoka Afrika Kusini. Mimi sikuwa na hela ya tiketi. Nilisimama upande wa Kireka na vijana wenzangu, taa zinawaka kule juu, sauti inakuja na upepo halafu inapotea halafu inarudi, na tulikuwa na furaha kama tumeingia ndani kabisa. Miaka ile huku kulikuwa na mashamba na vichaka, mtu akikuambia anakaa Bweyogerere unamuuliza atafikaje nyumbani usiku. Uwanja ndio uliotuvuta sisi wote kuja kujenga hapa, ukweli tuuseme, halafu tulipofika tukaanza kuusogelea mpaka na ardhi yake tukaanza kuimega, na hilo nalo ni letu.

Kabla ya hapo Kampala ilicheza wapi? Ilicheza Nakivubo. Wazee hapa wanatikisa kichwa, nawaona. Nakivubo ni ya mwaka 1926, na miaka ya 1950 ikawekewa sheria kuwa uwanja wa kumbukumbu ya watu wa Uganda waliokufa vitani, vita vya pili vya dunia. Mkumbuke hilo, ule uwanja uliokuwa umezungukwa na soko la Owino na stendi ya takisi na mfereji unaofurika kila mvua ikinyesha, ni kaburi la heshima la watu waliopelekwa kupigana mbali na hawakurudi. Na ni hapo hapo timu ya vijana ilianzishwa mwaka 1975 ikaitwa Nakivubo Boys, leo mnaiita SC Villa. Nimewahi kukaa pale juani na karanga kwenye gazeti, na muuza mitumba wa Owino anafunga kibanda saa kumi kasoro, anaruka mfereji, anaangalia kipindi cha pili, anarudi kufungua. Ule uwanja uliishi kwa sababu ulikuwa katikati ya watu, mtu hakuhitaji safari kuuona. Sasa umejengwa upya, ukafunguliwa 2024, una jina jipya la Hamz, umependeza, na watu wanabishana ni wa nani, huo ubishi siuingii leo.

Na Lugogo tusiisahau, ile sehemu nyingine ya michezo hapa Kampala, kriketi, hoki, tenisi, na ule ukumbi wa ndani ambako mabondia wetu walijulikana na dada zetu wa netiboli wanaruka mpaka leo. Lugogo ni kitu kizuri sana. Lakini Lugogo na Nakivubo zote hazikumpa mkimbiaji wa Uganda kile alichokuwa anakihitaji, yaani njia ya kisasa ya kukimbilia, na hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Watoto, nani anamjua John Akii-Bua? Mmoja, wawili... sawa. Alikuwa askari polisi, mtu wa Lango. Mwaka 1972 alikwenda Munich, Ujerumani, kwenye Olimpiki, mita 400 kuruka viunzi, viunzi kumi. Wakampanga njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa. Sasa nyinyi mnaokimbia mnajua njia ya kwanza maana yake nini: kona yake ndiyo kali kuliko zote, mwili unavutwa kwenda nje na wewe unataka kwenda ndani, na kama una miguu mirefu kama ya Akii-Bua na kiunzi kiko katikati ya kona, unateseka. Alikimbia sekunde 47.82. Hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48. Hakuna. Dhahabu ya kwanza ya Uganda kwenye Olimpiki, na ilibidi tusubiri miaka 40 kupata ya pili, Stephen Kiprotich, marathoni, London 2012.

Huyo Akii-Bua alifariki Juni 1997. Namboole ilifunguliwa Januari 1997. Hesabuni wenyewe. Mtu aliyetupa dhahabu ya kwanza, miaka yake yote ya kukimbia nyumbani kwao hakukuwa na uwanja kama huu, na ulipokuja alibakiwa na miezi mitano ya kuishi. Mimi hili jambo linaniuma mpaka leo na sitaki kulificha. Kwa hiyo nikiona ile njia pale Namboole imekaa tupu siku tano za wiki, naona deni.

Wacha niwaeleze njia yenyewe ilivyo kwa sababu wazazi wengi hamjawahi kuikanyaga. Njia ya ndani ukiizunguka mara moja ni mita 400. Mbio za mita 5,000 ni mizunguko 12 na nusu, za 10,000 ni mizunguko 25, ndizo alizokimbia Cheptegei, bingwa wetu wa Olimpiki. Ukitoka njia ya ndani kwenda ya nje, mzunguko unakuwa mrefu zaidi, ndiyo maana kwenye mita 400 mnaona wakimbiaji wanaanza wamepishana, wa njia ya pili yuko mbele mita 7 hivi, na wa njia ya nane yuko mbele mita 53. Mama mmoja aliniambia mwaka jana kuwa mtoto wake ameonewa, amewekwa nyuma kabisa na wenzake wako mbele. Nikamwambia mama, huyo wa nyuma ndiye mwenye njia fupi, subiri kona ya mwisho utaona wote wamelingana. Akasubiri. Mtoto akawa wa pili na mama akanikumbatia mimi kocha badala ya mtoto.

Halafu sakafu yake. Chini kuna lami, juu ya lami kuna tabaka la mpira wa kemikali, tunaita tatani, unene wake ni kama kidole hivi, kama milimita 13. Ukikanyaga inakurudishia nguvu kidogo. Ukikanyaga na viatu vya misumari inashika halafu inaachia. Mvua ikinyesha maji yanaondoka, huteleza. Ukimzoesha mtoto kwenye murram, ule udongo mwekundu wa barabarani, miaka yote, halafu siku ya mashindano ya taifa unamweka kwenye tatani mara ya kwanza, miguu inachanganyikiwa, anakimbia kwa woga kama mtu anayetembea kwenye nyumba ya watu. Nimeona watoto wenye vipaji vya kweli wakishindwa kwa hilo tu.

Na tatani ina maadui wake. Jua letu ni adui. Lori ni adui mkubwa, lile linaloleta jukwaa na spika za tamasha, linapita juu yake na tairi zake kumi, asubuhi unakuta imebonyea, mwezi unaofuata imepasuka, maji yanaingia kwenye ufa, na ufa wa upana wa kalamu mwaka ukiisha unaweka kiganja. Sisemi tamasha zisifanywe, uwanja wenyewe ulizaliwa kwa tamasha. Nasema mbao zitandikwe kwanza, na awepo mtu wa kusimama pale na kumwambia dereva hapana.

Sawa, mpira sasa, maana naona vijana mmeanza kuangalia simu.

Namboole imetufanya tulie na imetufanya tucheke. Oktoba 2011 tulihitaji kuwafunga Kenya tu, goli moja tu, twende AFCON, kombe la mataifa ya Afrika. Tulijaa kuanzia asubuhi. Ikaisha 0 kwa 0. Jirani zetu Wakenya mliopo hapa hamna kosa, mlicheza vizuri, lakini mimi ile jioni nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani na sikuongea na mtu. Mwaka uliofuata tukawa na Zambia, mabingwa wa Afrika wakati ule, kwao walikuwa wametufunga 1 kwa 0, hapa nasi tukawafunga 1 kwa 0, tukaenda penalti, penalti zikaenda na zikaenda, wakashinda 9 kwa 8. Uwanja wa watu wote wale ukanyamaza ukasikia mtoto mmoja tu analia upande wa pili.

Halafu ikaja tarehe 4 Septemba 2016. Comoro. Mimi nilipanda kilima kwa miguu kutoka Kireka kwa sababu takisi zilikuwa hazisogei, na njia nzima ni moshi wa nyama ya muchomo na ndizi za gonja, watu wamejipaka nyeusi, njano na nyekundu mpaka kwenye masikio. Farouk Miya akafunga kipindi cha kwanza, na baada ya hapo tukakaa saa nzima tukiomba Mungu, kila Mcomoro akivuka katikati mzee aliyekaa karibu na mimi anafumba macho, hakuangalia kabisa, ananiuliza tu "iko wapi, iko wapi sasa?" Filimbi ilipolia alinishika mkono akalia. Mara ya mwisho Uganda kucheza AFCON ilikuwa 1978, walipofika fainali kule Accra na Ghana wakatufunga 2 kwa 0. Huyo mzee alikuwa amesubiri tangu kijana. Jina lake sikulijua na sijamwona tena.

Lakini uwanja huu haukufanya michezo tu, na hapa nataka mnisikilize vizuri. Kura za urais za 2011 na 2016 zilijumlishwa pale. Mikesha ya mwaka mpya, watu wanaomba usiku kucha. Mwaka 2020 korona ilipofika, vitanda vilipangwa ndani na wagonjwa wetu wakatibiwa pale. Kwa hilo nasema asante, na kuna watu wamekaa hapa leo wazima waliolala pale wiki mbili wakiangalia kibao cha magoli kupitia dirishani. Uwanja ulifanya kazi ya hospitali na ukaifanya. Kitu kimoja tu, kila aliyekuja aliutumia akaondoka, na hakuna aliyekuwa anarudi kesho asubuhi. Wa kura hakurudi, wa tamasha hakurudi, na sisi wa mpira tunarudi baada ya miezi mitatu. Bomba la choo likivuja Jumatatu, nani analiona? Nyasi zikishika ugonjwa kwenye kona, nani anapita pale?

Mwishowe CAF, shirikisho la mpira la Afrika, wakasema Namboole haifai tena kwa mechi za kimataifa. Siku hizi wanataka kila mtu awe na kiti chake, taa za kutosha kuonyesha mechi kwenye televisheni, vyumba vya kubadilishia nguo vyenye hadhi, sehemu ya waandishi, mageti ya kuhesabu watu, na sisi tulikuwa na zege. Cranes wakahamia uwanja wa Kitende kwa muda, halafu na nyumbani pakakosekana kabisa. Machi 2023 tuliwapokea Tanzania "nyumbani" kwetu, na nyumbani kwetu siku hiyo ilikuwa Ismailia, Misri. Tukafungwa 1 kwa 0. Juni tukawapokea Algeria nyumbani kwetu, na nyumbani ilikuwa Douala, Kameruni. Tukafungwa 2 kwa 1. Jamani, mgeni anakuja kwako na wewe unampokea kwenye nyumba ya kukopa, huna hata jirani wa kukupigia kelele. Nilikuwa naangalia kwenye runinga ya kibanda hapo stendi na nilisikia aibu ya kweli.

Ndiyo maana nasema maafande wa Engineering Brigade ya UPDF, wahandisi wa jeshi letu, wapigiwe makofi, na nimefurahi kwamba kuna familia zao hapa. Piga makofi... asante. Waliingia wakafanya kazi, wakazungushia ardhi isiendelee kumegwa, wakarekebisha mpaka CAF wakakubali, na Juni 2024 Cranes wakarudi, wakawafunga Botswana 1 kwa 0. Baada ya siku tatu Algeria wakaja wakatufunga 2 kwa 1 lakini hilo sawa, angalau tumefungwa nyumbani kwetu.

Halafu Agosti 2025 CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani, tuliandaa sisi na Kenya na Tanzania pamoja. Mliona wenyewe. Usiku wa kwanza Algeria wakatupiga 3 kwa 0 na watu wakaanza kuondoka mapema, halafu Guinea tukawapiga 3, Niger tukawapiga 2, na ile ya Afrika Kusini, tuko nyuma 3 kwa 1 dakika zimebaki chache, penalti, penalti nyingine, 3 kwa 3, tunaongoza kundi. Nilikuwa pale juu na wanafunzi wangu sita. Senegal wakatutoa robo fainali kwa goli moja, sawa. Mimi kitu nilichokumbuka zaidi ni taa. Usiku ule kilima kizima kilikuwa mchana, na mtoto wangu mmoja wa mbio haangalii mpira, anaangalia pembeni, ananiambia "kocha, ile mistari myeupe ni yetu, eh?"

Nikamwambia ndiyo. Ni yenu. Halafu nikakaa kimya kwa sababu nilijua si rahisi hivyo.

Miaka kadhaa nyuma nilichukua watoto kumi na mmoja mpaka kwenye uwanja mmoja wenye njia nzuri, si lazima niutaje, tulitoka nyumbani saa kumi na moja usiku. Mlinzi akasema leteni barua. Nikaenda, nikaandika barua. Wakasema barua lazima ipigwe muhuri na fulani, fulani akasema pelekeni kwa fulani, na baada ya miezi miwili nikaambiwa lile faili halionekani. Asubuhi ile ya kwanza sikutaka watoto warudi bure, nikachukua kamba ya mita 50 niliyotembea nayo, nikaipima mara nane kwenye barabara ya vumbi nje ya ukuta, na wakakimbia mita 400 za kunyooka, wanapishana na boda. Msichana mmoja alikuwa na kasi ambayo mimi sijaiona tena. Hana viatu, visigino vyeupe kwa vumbi. Sasa hivi ameolewa, ana watoto, anauza nyanya, ni mtu mzuri sana na nikimwona tunasalimiana vizuri, na kila mara najiuliza angekuwa wapi.

Siku tuliyokuja kuruhusiwa mahali pengine, mtoto mdogo kuliko wote hakukimbia. Alipiga magoti akaweka viganja vyote viwili kwenye tatani, akaibonyeza, akaniuliza, "Kocha, hii ni barabara au ni godoro?" Wenzake wakacheka. Mimi nilimwacha apige magoti muda wake wote.

Na kuna jambo la shimo la maji, ambalo nalipenda kuliko yote. Ile mbio ya mita 3,000 ya kuruka viunzi na maji. Viunzi vyake havianguki, ni gogo zito, ukigonga unaanguka wewe. Mtu anaruka mara 28 viunzi vya kawaida na mara 7 kiunzi chenye shimo la maji mbele yake, shimo urefu wake mita 3.66, la kina mwanzoni halafu linapanda. Huwezi kumfundisha mtoto hiyo mbio bila shimo, hakuna ujanja. Unaweza kuchimba mtaro nyuma ya shule, nimefanya hivyo, na ukawa na matope na chura, lakini si kitu kilekile. Sasa angalieni: Dorcus Inzikuru, dada yetu wa kutoka Arua, mwaka 2005 kule Helsinki, ndiyo mara ya kwanza wanawake kukimbia mbio hiyo kwenye mashindano ya dunia, na bingwa wa kwanza wa dunia akawa yeye, dakika 9 na sekunde 18. Nilikuwa na redio sikioni na nilipiga yowe mpaka jirani akafikiri nimeibiwa. Halafu Peruth Chemutai wa Bukwo, Olimpiki ya Tokyo, dhahabu, dakika 9 na sekunde 1, mwanamke wa kwanza wa Uganda kupata dhahabu ya Olimpiki. Halafu fedha tena Paris 2024. Hii mbio imekuwa ya wasichana wa Uganda. Imekuwa yetu kabisa. Na wasichana wa hapa Bweyogerere, Kireka, Banda, wanaokaa wanaona mataa ya uwanja kutoka jikoni kwao, wangapi wamewahi kuruka lile shimo hata mara moja?

Najua mtaniambia AFCON 2027 inakuja, nyasi zinalindwa, hakuna mtu ataruhusu watoto waingie kuharibu. Nimelifikiria hilo sana. Mtoto wa kilo 35 akikimbia peku kwenye tatani haharibu kitu, na nyasi hatutazikanyaga, tutakaa kwenye njia. Na zaidi ya hapo, watoto 60 na walimu wanne wakiwa pale asubuhi mbili kila wiki, ile bomba inayovuja Jumatatu itaonekana Jumanne. Ule ufa wa upana wa kalamu utaonekana ukiwa bado wa upana wa kalamu. Watoto wataokota chupa, mimi nitawafundisha, na aliyeokota chupa mahali hawezi kukua akawa mtu wa kung'oa kiti siku timu yake ikifungwa. Uwanja wa Nakivubo ulikuwa na watu wa Owino. Namboole iko na sisi, hatuko mbali, mimi kutoka kwangu mpaka getini ni dakika 20 kwa miguu.

Kwa hiyo tumeandika barua. Iko hapa mezani, chini ya jiwe kwa sababu ya upepo. Inaomba wasimamizi wa uwanja watupe Jumanne na Alhamisi, saa kumi na mbili mpaka saa mbili kasoro asubuhi, shule sita za hapa zipokezane, walimu wanaandika majina, siku za mechi na matayarisho ya mechi hatuji. Tumeandika pia kuwa siku ya kwanza ya kila mwezi wazazi tutakuja na mafagio. Hilo sijawauliza kabla, samahani, lakini naona akina mama wanakubali kwa kichwa, na akina baba mnaangalia chini, nimewaona.

Walimu wakuu wanne wameshaweka sahihi. Kuna karatasi ya pili ya wazazi, mistari 80, kalamu mbili zimefungwa kwa uzi. Asiyejua kuandika kuna wino wa kidole gumba. Mzee mwenyekiti, naomba uanze wewe, halafu afande, halafu tupange mstari kabla mvua haijazidi.